Ukikabidhiwa kabati la uyoga wa magogo

Wadogo zangu, wengi wanaoingia hebaria, yaani ghala la mimea na kuvu iliyokaushwa, kwa mara ya kwanza hutamani maua. Maua yana rangi, yana vitabu na yana wataalamu wa kuulizwa. Kisha mmoja wenu huonyeshwa kabati la pembeni lenye maboksi yanayonuka nafthalini, akaambiwa: hili ni lako. Ndani mna uyoga mgumu, ule unaotokeza ubavuni mwa gogo mithili ya rafu, wenye vitundu upande wa chini. Nimekaa na makabati ya aina hiyo kwa miaka mingi, na haya nayaandika kwa ajili ya yule anayefungua bahasha yake ya kwanza wiki hii.

Nianze na jambo ambalo mengine yote yanalizunguka. Jina la Kilatini lililo juu ya bahasha liamini mwisho. Mahali, mti, tarehe na mwandiko wa aliyeokota ndio ushahidi. Jina ni maoni ya mtu fulani, siku fulani, kwa vitabu alivyokuwa navyo mezani. Mgeni hufanya kinyume chake kwa sababu jina limeandikwa kubwa na linasomeka. Analiingiza kwenye kompyuta, anaruka mwandiko mdogo wa penseli uliofifia, na kosa la mwaka 1910 linapata maisha mapya kwenye intaneti.

Uyoga huu umepita mikono mingi. Linnaeus, Mswidi aliyeanzisha majina haya ya Kilatini ya sehemu mbili, aliweka karibu kila uyoga wenye vitundu ndani ya jenasi moja, Boletus. Elias Fries wa Uppsala, aliyeanza kuchapisha kazi yake kubwa mwaka 1821, alihamishia sehemu kubwa ya ule mgumu kwenye Polyporus. Halafu wakaja akina Karsten wa Finland, Patouillard wa Ufaransa na Murrill wa New York, wakaugawa tena na tena. Matokeo yake ni kwamba bahasha tatu zenye majina Polyporus xanthopus, Polystictus xanthopus na Microporus xanthopus zina uyoga uleule mwembamba wa kahawia, wenye mguu wa njano, ambao ukipita msitu wowote mnyevu wa Afrika Mashariki utaukuta kwenye matawi yaliyoanguka. Hapo angalau sehemu ya pili ya jina imebaki, ukiifuata unafika. Kuna pengine ambapo sehemu hiyo ndiyo yenye matatizo.

Chukua boksi la Ganoderma, ule uyoga wenye ngozi inayong'aa kama imepakwa vanishi. Mwaka 1781 Mwingereza William Curtis aliueleza uyoga mmoja wa namna hiyo kutoka London, akauita Boletus lucidus. Miaka 100 baadaye, mwaka 1881, Karsten aliuchukua akaunda juu yake jenasi ya Ganoderma. Tangu hapo kila uyoga unaong'aa, uwe umetoka Usambara, Kongo, Brazili au China, ulibandikwa jina la Ganoderma lucidum. Hata lingzhi, dawa mashuhuri ya Wachina, iliitwa hivyo hadi mwaka 2012 watafiti wa China na Taiwan walipoonyesha kuwa ni spishi nyingine na kuipa jina la Ganoderma lingzhi. Na ubishi wa jina lipi la Kichina litangulie haujaisha. Lucidum halisi ni uyoga wa Ulaya. Kwa hiyo ukiona neno hilo kwenye bahasha ya enzi za Mjerumani kutoka Amani, kituo cha utafiti cha Usambara, lisome hivi: "Ganoderma inayong'aa, aliyeitambua alikuwa na kitabu cha Ulaya." Usikimbilie kuipa jina jipya kutoka kwenye makala uliyosoma juzi, maana utakuwa unarudia kosa lilelile kwa kalamu mpya. Andika kundi, weka tarehe yako, iache. Na wale jirani zangu wanaouza kahawa ya Ganoderma kwa kuandikisha wanachama, wakiapa kwamba ni lucidum asilia, nimeacha kubishana nao.

Sasa tuje kwenye mahali, maana ndipo kazi yenu ya kwanza ilipo. Lebo za zamani za kwetu zimeandikwa na Wajerumani, Waingereza na Wabelgiji, na ramani zao hazipo tena. Wilhelmsthal ni Lushoto. Neu-Langenburg ni Tukuyu, na Bismarckburg ni Kasanga. Fort Hall ni Murang'a, Thomson's Falls ni Nyahururu. Stanleyville ni Kisangani, Élisabethville ni Lubumbashi, Usumbura ni Bujumbura. Majina hayo mtayazoea baada ya muda. Hatari zaidi ni jina ambalo halijabadilika ilhali mipaka yake imehama. Lebo inayosema "Uganda" kabla ya mwaka 1902 inaweza kumaanisha Naivasha au Kisumu, kwa kuwa upande ule wote ulikuwa mkoa wa mashariki wa Uganda hadi ulipohamishiwa himaya ambayo leo ni Kenya. Na "Deutsch-Ostafrika" iliyobaki peke yake bila wilaya inaweza kuwa Rwanda au Burundi. Nimeona kanzidata ambamo sampuli za namna hiyo zimetiwa nukta katikati ya Tanzania, mahali ambapo hapana msitu wowote wa kuotesha uyoga ule, kwa sababu tu mfumo ulilazimisha latitudo na longitudo. Kama lebo haina viwianishi, nanyi hamna hakika, andikeni mahali kama palivyo na mweke upana wa shaka yenu. Uwanja mtupu una heshima kuliko nukta ya kubuni.

Mwinuko mara nyingi uko kwa futi hata kama hawakuandika "ft". Ukiona 6000 kwenye lebo ya Mwingereza huko Kenya, hiyo ni kama mita 1,830, wala mtu hakupanda karibu na kilele cha Kilimanjaro kutafuta uyoga. Tarehe nayo ina mitego. Wazungu wa bara walipenda kuandika mwezi kwa namba za Kirumi, 4.VII.1913, na hapo hakuna utata. Lakini 4/7/13 ya Mmarekani ni Aprili, ya Mwingereza ni Julai, kwa hiyo lazima kwanza ujue aliyeandika ni nani. Kifupisho "leg." humtaja aliyeokota na "det." aliyetambua, watu hawa wawili wakichanganywa kwenye kompyuta, utasoma kwamba profesa ambaye hakuwahi kuvuka Suezi ameokota uyoga Bukoba. "S.n." maana yake haina namba. Alama ya mshangao ikifuatana na jina la mtaalamu maana yake ni kwamba ameiona sampuli hiyo kwa macho yake.

Mti nao usiuruke. Uyoga wa magogo unakula ubao, na unaokula hauli ovyo. Kuna unaovunja lignini, ile inayoupa ubao ugumu, na kuacha ubao umekuwa mweupe na wenye nyuzinyuzi, na kuna unaokula selulosi na kuacha lignini, ubao ukawa wa kahawia na kukatikakatika vipande vya mraba. Ule wa pili kwa sehemu kubwa hupenda miti ya jamii ya misonobari, ambayo msitu wa asili wa kwetu hauna mingi. Ndiyo maana kipande kidogo cha ubao kilichoshikamana na uyoga kina thamani kama uyoga wenyewe, na mgeni anayekikwangua ili sampuli "ikae vizuri" kwenye bahasha ameharibu nusu ya habari.

Mfano mmoja mzuri ni Antrodia juniperina. Inaozesha moyo wa mti wa Juniperus, jamii ya mtarakwa, ilielezwa kwanza kutoka Marekani, na mwaka 1975 Tuomo Niemelä wa Finland na Leif Ryvarden wa Norway wakaiandika kuwa ipo Afrika Mashariki, kwenye Juniperus procera wa nyanda zetu za juu. Hapo mti ndio unaokuongoza. Chukua basi lebo iliyoandikwa "Usambara, auf Juniperus", yaani kwenye Juniperus, na hakuna kingine. Usambara ni pana, kuna ya mashariki na ya magharibi. Lakini Juniperus procera wa asili anaota upande wa magharibi ulio juu na mkavu kiasi, kama Shume, na si kwenye misitu minyevu ya Amani. Umeshapata nusu ya mahali bila kutoka kwenye kiti. Ila tahadhari: Wajerumani walipofungua kituo cha Amani mwaka 1902 walipanda pale miti ya kigeni kutoka pande zote za dunia, kwa hiyo mti wa ajabu kwenye lebo ya Amani si lazima uwe kosa.

Na majina ya miti nayo yanahama. Mvule uliitwa Chlorophora excelsa kwa muda mrefu, leo ni Milicia excelsa. Andika lililo kwenye lebo kama lilivyo, la leo liweke kwenye safu nyingine. Aliyeokota akiandika jina la mti kwa Kiswahili, Kisambaa au Kikuyu, hilo ni dhahabu. Mara nyingi alilipata kwa mtu wa pale aliyeujua mti kuliko yeye. Mtu huyo ni nadra jina lake kuonekana kwenye lebo. Likionekana, liingizeni kama mwokotaji, msilizike kwenye safu ya maelezo.

Kuhusu sampuli zilikokwenda, mjue kwamba kabati lenu ni kipande tu. Hebaria ya Afrika Mashariki ilianzia Amani ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950, na leo iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Alama yake ni EA. Uyoga wa enzi za Mjerumani ulipelekwa Berlin, ambako Paul Hennings, aliyefariki mwaka 1908, alieleza spishi nyingi za tropiki. Usiku wa tarehe 1 kuamkia 2 Machi 1943 mabomu yaliteketeza sehemu kubwa ya hebaria ya Berlin, na tangu hapo kumekuwa na tabia ya kuandika "imeungua" kwa kila kitu kilichowahi kufika kule. Moto haukula kila kitu. Ulizeni kwanza. Wa Kongo tafuteni Meise, Ubelgiji, alama BR. Wa Waingereza uko Kew, bustani ya mimea ya London, pamoja na mkusanyiko wa kasisi Miles Joseph Berkeley aliyeukabidhi pale mwaka 1879. Mwaka 2009 Kew ilipokea pia sampuli za iliyokuwa Taasisi ya Kimataifa ya Mikolojia, zilizokuwa na alama IMI, na leo pale pana sampuli za kuvu zaidi ya milioni moja. Wa miaka ya 1970 uko Oslo, kwa kuwa Ryvarden aliokota sana pande hizi, na kitabu alichokitoa na Inga Johansen mwaka 1980 kuhusu uyoga wa vitundu wa Afrika Mashariki bado ndicho ninachokifungua kwanza. Helsinki pia ina wa Tanzania. Alama zote hizo mtazikuta kwenye orodha ya hebaria za dunia inayotunzwa na bustani ya mimea ya New York, na inafaa kuziweka ukutani juu ya meza.

Yuko mmoja ambaye lazima nimtaje peke yake, Curtis Gates Lloyd wa Cincinnati. Huyu alikuwa tajiri wa familia ya watengeneza dawa, akaacha biashara akawa anapokea uyoga wa magogo kwa posta kutoka duniani kote, ukiwamo wa Afrika Kusini aliotumiwa na P. A. van der Bijl. Aliupiga picha, akautaja kwenye vijarida vyake, na alichukia desturi ya kuweka jina la mtaalamu nyuma ya jina la spishi, akisema ni majivuno. Ili kuikejeli alimbuni profesa wa uongo aitwaye McGinty na kumpachikia spishi. Mwaka 1922 alijijengea mnara wa kumbukumbu akiwa hai, akaandika juu yake kwamba ameujenga mwenyewe ili kuridhisha majivuno yake. Ninampenda, lakini kwa mtunza makabati ni mtihani: majina yake yametawanyika kwenye barua na vijarida, mengine yameegemea kipande kimoja tu. Sampuli zake takriban 60,000 ziko Beltsville, Maryland, alama BPI. Ukiona jina la Lloyd kwenye bahasha yenu, andikia Beltsville kabla ya kutoa uamuzi wowote, kwani huenda nusu nyingine ya uyoga wako iko kule ikiwa na picha na barua.

Katika kupekua mtakutana na bahasha zenye alama nyekundu au neno "typus". Hiyo ni taipu, yaani sampuli ambayo jina la spishi limefungwa kwayo daima. Kwa majina mapya tangu tarehe 1 Januari 1958 kanuni za kutoa majina zinalazimisha itajwe. Kabla ya hapo mara nyingi hakuna aliyeitaja, na taipu imekaa kimya katikati ya bahasha za kawaida bila alama yoyote. Kwa hiyo ichukulie kila bahasha ya zamani yenye mwandiko wa aliyeeleza spishi kana kwamba ni taipu, mpaka ithibitike vinginevyo.

Nusu ya ustadi wa kazi hii ni kutogusa. Wazee waliua wadudu kwa kloridi ya zebaki na arseniki, na sumu hizo hazina tarehe ya kuisha. Vaa glavu, usinuse, usile mezani, na kama karatasi ina madoa ya kijivu au meusi yasiyoeleweka mwite mkuu wako. Unga laini chini ya boksi na vijitundu vya mviringo kwenye uyoga ni kazi ya mbawakavu wadogo, wale wa tumbaku na viungo vya jikoni, na wengine ambao huishi ndani ya uyoga wa magogo tangu msituni. Funga boksi kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, liweke kwenye friza nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha liache lirudi kwenye joto la chumba kabla ya kulifungua, lisije likatoa jasho. Umeme ukikatika hadi friza ikayeyuka, hesabu ianze upya. Na huo unga usiumwage. Kwa baadhi ya sampuli ndicho kilichobaki.

Ukiruhusiwa kukata, na uruhusiwe kwa maandishi, kata kipande kisichozidi punje ya mchele kutoka kwenye mirija ya upande wa chini. Anza na tone la potasi hidroksidi: uyoga wa kahawia wa jamii ya Phellinus hugeuka mweusi papo hapo, na jaribio hilo linafanya kazi hata kwenye sampuli ya miaka 100. Kisha tazama nyuzi kwa hadubini. Njia ya kuzigawa nyuzi, zile zinazozaa, zile za kiunzi na zile zinazofunga, ilitolewa na Mwingereza E. J. H. Corner mwaka 1932, na mmoja wa uyoga alioupasua ni huyohuyo xanthopus wa mguu wa njano. Ndiyo maana ninawashauri mjifunzie kwake. Unapatikana kwa wingi, nyuzi zote tatu zimo, na okota wako mwenyewe msituni, sampuli ya mwaka 1905 si ya kujifunzia wembe.

Spora, yaani chembe za uzazi za uyoga, ni jambo lingine. Uyoga mwingi wa tropiki uliokotwa ukiwa hauna spora kabisa, na mgeni akikosa cha kuchora huchora chochote. Ukiona kwenye uyoga mweupe spora ya kahawia yenye kuta mbili na ncha iliyokatika, hiyo ni ya jirani yake Ganoderma. Ganoderma moja kubwa inaweza kumwaga mabilioni ya spora kwa siku, na miaka yote hiyo kwenye kabati moja zinasafiri. Vivyo hivyo kwa vinasaba: sehemu iitwayo ITS, iliyokubaliwa mwaka 2012 kuwa kitambulisho cha kuvu, kwenye sampuli ya zamani huwa imekatika vipande, kwa hiyo maabara itaisoma kwa nusunusu, na uchafu wa ukungu wa juu ya ngozi utasomeka vizuri kuliko uyoga wenyewe. Toa kipande chako ndani ya nyama.

Mwisho, kuhusu tarehe. Mwaka 2008 watafiti wa Norway walitumia tarehe za lebo nyingi za hebaria kuonyesha kwamba majira ya uyoga yamesogea. Ni kazi nzuri, ila walishughulika na uyoga unaochomoza na kuoza kwa siku chache. Uyoga mgumu wa magogo unaweza kukaa miaka. Tarehe ya lebo inakuambia siku mtu alipopita pale akiwa na panga, haikuambii siku ulipoota. Mara nyingi mtu huyo alipita karibu na barabara, misheni au kituo cha misitu. Wanafunzi wanaoniletea grafu za "kupungua kwa spishi" huwa nawauliza kwanza ni nani aliacha kuokota, na mwaka gani.

Unapobadilisha utambuzi, bandika kikaratasi kipya kisicho na asidi chenye jina, tarehe na jina lako kamili. Cha zamani kisifutwe wala kubanduliwa, hata kama ni upuuzi mtupu. Ukikuta uyoga wa aina mbili kwenye bahasha moja, ziwe a na b, namba ileile.

Itabaki bahasha isiyo na lebo, na kila kabati linazo. Angalia kwanza karatasi iliyokunjwa kutengeneza bahasha, kwa sababu wazee wengi walitumia magazeti, na gazeti lina mji na tarehe. Linganisha mwandiko wa namba yoyote na bahasha za jirani. Usipopata kitu, iandike kwa penseli ulikoikuta, rafu ipi, boksi lipi, kati ya namba gani na gani, kisha irudishe palepale, usiipeleke kwenye boksi la "mbalimbali".